Tambuu ya Parklands: duka ninalolitegemea kwa masinia ya harusi

Anayetafuta tambuu Nairobi, lile jani la kutafuna linalokunjwa na viungo ndani, aanze na jani lenyewe. Kabla ya kuuliza bei, kabla ya kutazama vikopo vya rangi vilivyopangwa mezani, mwombe muuzaji jani moja tupu ulishike kwa kikonyo. Jani la leo halilegei. Lina kijani kilichokolea, linang'aa, na ukilipasua linatoa harufu kali inayopanda puani, inayokaribia pilipili manga. Si ajabu, kwani mtambuu na mpilipili manga ni mimea ya ukoo mmoja. Jani la juzi hulala kiganjani, kingo zake zimeanza madoa ya manjano, na hata ukilijaza tamu zote za dukani, ulimi utajua tu.

Duka ninalolieleza liko Parklands, kwenye barabara ya ndani ukitoka steji ya Highridge kuelekea hospitali ya Aga Khan. Halina bango. Ni mlango mmoja na kaunta, katikati ya fundi wa simu na duka la vyombo, na jioni utalijua kwa watu waliosimama nje wakisubiri. Wengi wakitaka paan, ndiyo tambuu kwa jina la Kihindi, hukimbilia Diamond Plaza, na aliye na familia asikatazwe: kuna viti, kuna chakula, watoto wanapata juisi. Mimi nazungumzia tambuu yenyewe, na kwa hilo sijaona mahali mjini panapopashinda hapa.

Niseme kwanza natazama kwa jicho gani. Kazi yangu ni sherehe. Nawapangia masinia watu wa Pwani walioko Nairobi, South C, Pangani, Eastleigh, siku hizi mpaka Kitengela. Harusi ya kwetu Mombasa, hasa usiku wa kupamba, haikamiliki kwa pilau peke yake. Wageni wakishakaa, wakishapakwa marashi na kugawiwa vikuba vya asumini, lazima lipite sinia la halwa, ipite kahawa, na lipite sinia la tambuu. Mgeni aliyeondoka bila kupewa tambuu zamani alikuwa na haki ya kununa. Bibi yangu pale Kibokoni alikuwa na kijaluba chake cha shaba, popoo, ile kokwa ngumu ya kutafuna, upande huu, chokaa kwenye kikopo chake, majani yamelazwa juu ya kitambaa kibichi, na mtu akiingia uani, kabla hajaulizwa habari za nyumbani alishasogezewa. Ni heshima ya tangu na tangu katika pwani hii. Ibn Battuta alipoteremka Mogadishu mwaka 1331, sultani wa pale alimpelekea sinia lenye majani ya tambuu na popoo, hata kabla hawajaonana uso kwa uso. Sasa mtu akiniambia tambuu ni kitu cha pembeni kwenye sherehe, nabaki namtazama.

Kwa hiyo nikienda dukani naenda kama mtu ambaye Jumamosi usiku atasimama mbele ya kina mama mia mbili, na akiwapa jani bovu watamkumbuka kwa hilo.

Mwenye duka ni mzee wa Kigujarati, mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili chake ni cha ziwani kabisa. Majani yake yanatoka Pwani. Mzigo unapanda basi la usiku Mombasa, umepangwa kwenye tenga lililotandikwa majani ya mgomba, na alfajiri kijana wake anaupokea mjini na kuuleta kabla jua halijawaka. Wanaufungua palepale. Majani yanachambuliwa moja moja, yaliyotoboka yanatengwa, yaliyochanika yanatengwa, na mazima yanafungwa ndani ya marikani iliyoloweshwa maji. Hayawekwi kwenye friji. Mzee alinieleza kwamba baridi kali inaliunguza jani likawa jeusi, na nimeyaona hayo maduka mengine yanayouza paan iliyokunjwa tangu jana, imevikwa karatasi ya fedha, imekaa kwenye kabati la soda. Ukiifungua, jani ni jeusi kwenye mikunjo na maji ya nazi yameshavuja. Wanaichaji bei ileile ya ile inayokunjwa ukitazama.

Hapa hakuna kinachokunjwa kabla hujaagiza, isipokuwa oda kubwa. Anayekunja ni kijana wa Vihiga, na ningependa kila mtu anayesema kazi hii ni ndogo asimame mbele yake robo saa. Analitoa jani kwenye maji, analipangusa pande zote mbili, anakata kikonyo na ile ncha ya chini kwa mkasi. Kisha analigeuza, anapitisha bapa la kisu juu ya mshipa wa katikati, taratibu, ili ulegee bila kukatika. Usipofanya hivyo jani linapasuka wakati wa kukunja na vitu vyote vinamwagikia mgeni kifuani. Chokaa ndiyo ya kwanza. Anachovya kijiti, anachora mstari mwembamba, halafu anakipangusa kijiti ukingoni mwa kopo na kuurudia mstari uleule kwa kijiti kikavu, apunguze. Juu ya chokaa anapaka katu, ule uji mzito wa hudhurungi unaotokana na kiini cha mti wa mgunga wa Kihindi wenye miiba, na anauzungusha kwa mgongo wa kijiko mpaka hizo mbili ziwe rangi moja. Ndipo vinafuata shamari, nazi iliyokunwa na kukaushwa, gulkandi, ile jamu ya waridi na sukari, na iliki ya kutwanga. Upande wa kulia unakunjwa, wa kushoto unaufunika, sehemu ya chini inapanda, na pembe tatu inafungwa kwa karafuu moja iliyochomekwa katikati.

Hiyo karafuu naomba niisemee. Maduka mengi yamehamia vijiti vya meno kwa sababu ni rahisi. Kwenye harusi taa zimezimwa, watu wanashangilia bibi harusi, mtu anatia tambuu mdomoni nzima, na kijiti kinamchoma kaakaa. Karafuu inatafunwa pamoja na jani, inaacha mdomo safi, na ndivyo walivyofanya wazee. Hapa hawajaiacha ijapokuwa bei ya karafuu imepanda.

Nazi yao ni nyeupe, haijatiwa rangi, na gulkandi ina maganda ya waridi unayoyaona kwa macho. Shamari wanaikaanga wenyewe kidogo. Ladha inakuja kwa zamu: kwanza ukali wa jani, halafu ile baridi ya iliki, halafu waridi, na mwisho utamu wa nazi unabaki kwenye meno muda mrefu baada ya kumeza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike, maana watu huandika sifa za paan wakaliruka.

Popoo inaua. Sitazungusha maneno. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO na lenye makao Lyon huko Ufaransa, lilishasema mwaka 1985 kwamba tambuu yenye tumbaku inaleta saratani. Mwaka 2004 likaenda mbele likasema hata isiyo na tumbaku inaleta, na kwamba popoo yenyewe, peke yake, imo kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wako wanaojifariji wakisema, "Mimi situmii tumbaku, natafuna popoo tu." Mama yangu mkubwa alikuwa akisema hivyohivyo. Tumbaku hakuigusa maisha yake yote, alikuwa na vipande vyake vya popoo kwenye pindo la leso, mchana kutwa. Ikaanza pilipili kumuunguza mdomo kuliko kawaida. Halafu mashavu yakakakamaa kwa ndani. Daktari wa meno alimwambia aingize vidole vitatu mdomoni, vikiwa vimesimama kimoja juu ya kingine, kama mtu mzima yeyote anavyoweza. Kikaingia kimoja, cha pili kikagoma. Ngozi ya ndani ya shavu ilikuwa imegeuka nyuzi ngumu, na ugonjwa huo ukishaingia haurudi nyuma. Mwanamke aliyekuwa akiongoza nyimbo kwenye harusi za mtaa mzima akawa anakula uji na mchuzi, na sauti haitoki.

Chokaa nayo ina sehemu yake, kwa sababu ndiyo inayokiamsha kile kichangamsho kilicho ndani ya popoo, arekolini, kikapenya upesi kwenye shavu. Ndicho kinachomtia mtu joto masikioni na jasho kwenye paji la uso, na ndicho kinachomrudisha kesho na keshokutwa. Wanaotafuna popoo duniani wanakadiriwa kufika watu milioni 600. Uraibu wake si hadithi.

Kwa nini basi nalisifu duka linalouza popoo? Kwa sababu Mzee hafichi. Ukifika kaunta, kitu cha kwanza anachouliza, hata kama ameshakuzoea, ni hiki: "Mama, na popoo ama bila?" Usipojibu hakunji. Na bila ni bila kweli, si ile ya kupunguza. Tumbaku yake iko kwenye kabati la nyuma, ina kijiko chake na ubao wake wa kukunjia, na kijana akishagusa tumbaku ananawa kabla ya kurudi kwenye majani ya tamu. Nilimwona akimrudisha mvulana aliyevaa sare ya shule. Mvulana alisema katumwa na baba. Mzee akamjibu, "Mwambie baba aje mwenyewe, kijana." Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, hilo linajulikana, lakini yule mvulana alikuwa ameomba popoo, na Mzee hampi mtoto popoo vilevile.

Thamani ya hayo niliijua kwa muuzaji mwingine, wa katikati ya mji, ambaye simtaji. Nilimwagizia paan tamu za harusi ya Pangani, nikamwambia waziwazi, hata kwa maandishi, kwamba hakuna popoo na hakuna tumbaku. Zilikuja zimekunjwa vizuri, zinapendeza. Sinia halijamaliza safu ya pili, mdogo wake bibi harusi, msichana wa kidato cha tatu, akashika kichwa, akatoka jasho la baridi, akatapika bafuni. Tulifungua zilizobaki. Nyingine zilikuwa na tumbaku ya kusaga chini ya nazi. Nilipompigia simu aliniambia lazima wafanyakazi walichanganya, kisha akaniuliza kama nitalipia zilizobaki. Shangazi yake yule msichana alinisimamia pale mlangoni mpaka nilipomwonyesha ule ujumbe wa oda.

Tangu hapo masinia yangu yanatoka Parklands. Naagiza ya tamu, bila popoo, na chokaa nusu, kwa sababu popoo isipokuwapo hakuna haja ya chokaa nyingi na ikizidi inachubua ulimi. Wekundu unapatikana kwa katu, kidogo, wa kutosha kina mama kutoleana ndimi na kucheka. Wazee wachache hunijia na kusema tambuu bila popoo haijawa tambuu. Bibi wa miaka 80 aliyeitafuna tangu kuolewa simnyang'anyi kwenye harusi ya mjukuu wake; nina kisinia kidogo cha pembeni, kimefunikwa kawa, kinapelekwa kwa mkono kwa wale wanaojulikana tu. Hakipiti kwa wasichana. Kwa wasichana hakipiti kabisa, na mama wa bibi harusi akinishinikiza namwambia atafute mwingine wa kupanga sherehe.

Hata hiyo popoo ya kisinia nataka niione ikikatwa. Mzee anazipasua mbele yako kwa mkasi wake wa shaba, ule wa meno mazito, na ndani zinaonyesha michirizi myeupe na ya kahawia iliyofumana kama kungumanga. Yenye kitobo anaitupa. Yenye weusi au unyevu anaitupa. Popoo iliyohifadhiwa vibaya hupata ukungu, nao unaweza kuleta aflatoksini, sumu ileile inayotuhangaisha kwenye mahindi yetu. Wanaonunua iliyokatwa tayari kwenye vipakiti vya kung'aa, iliyotiwa manukato, hawana namna ya kujua kilichokuwamo kabla ya manukato.

Kasoro zake zipo. Foleni ya Ijumaa na Jumamosi jioni inachosha, kijana ni mmoja na hataki kuharakishwa, na hakuna pa kukaa wala pa kuegesha gari. Njoo kwa miguu au mwachie dereva gari likizunguka. Menthol wanaipenda mno. Usipokataa mapema watakunyunyizia chembe zake, na zinaua kabisa harufu ya jani, ukabaki na mdomo unaovuma baridi. Sema, "Bila menthol," mara mbili. Vilevile wameanza paan ya chokoleti, na ile inayowashwa moto ikaingizwa mdomoni ikiwaka huku wenzako wakikupiga picha. Vijana wanaifuata hiyo, na najua inamlipia Mzee kodi ya duka. Mimi siipendi. Ule moto wa sekunde mbili unanyausha ukingo wa jani lililosafiri usiku kucha kutoka Pwani.

Usafi ni wa kiwango cha juu. Kwenye kona pana ndoo yenye mchanga na kifuniko, na bomba la kunawia. Ukutani hapana hata tone la wekundu, na hapo wateja wa tumbaku ni wengi. Nairobi kutema mate njiani ni kosa kwa sheria za jiji, ila ni nani anayekamatwa? Hapa anayekamata ni Mzee mwenyewe. Nilishuhudia mtu mzima, amevaa suti, akigeuka kutema kwenye mtaro. Mzee alitoka nyuma ya kaunta na dumu la maji, akamkabidhi, akasimama kumngoja amwagie. Yule bwana alimwagia.

Bei niliyoikuta safari ya karibuni: tambuu kavu ya jani, chokaa, katu na shamari ni shilingi 50, tamu yenye gulkandi ni 100, ya chokoleti 150. Oda ya harusi inayozidi mia moja anakuachia kwa 80, na karafuu imo. Tambuu za oda zinakunjwa mchana wa siku yenyewe na zinapangwa kwenye masanduku yaliyotandikwa kitambaa kibichi, safu kwa safu, karafuu zikitazama juu. Kwa boda mpaka Eastleigh zinafika zimesimama. Kwa Kitengela tumia gari, na usiliweke sanduku karibu na dirisha lenye jua. Fungua kitambaa dakika chache kabla ya sinia kupita, si kabla ya hapo, maana hewa ya Nairobi ni kavu kuliko ya kwetu na majani yanaanza kujikunja pembeni.

Nusu ya malipo inatakiwa mwanzo, kwa pesa taslimu au M-Pesa, na namba imebandikwa kwenye kioo. Andika kwenye karatasi unachotaka, idadi ya zisizo na popoo na idadi ya zilizo nayo, naye ataibandika hiyo karatasi juu ya sanduku lako. Duka linafunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa nne usiku, Jumatatu halifunguliwi. Mwezi wa Ramadhani wanaanza jioni. Harusi nyingi zikikutana wikendi moja, kama baada ya Idi, majani hayatoshi, na Mzee hakubali kuongezea kwa majani ya mtu mwingine. Anayetaka ya Jumamosi aagize kabla ya Jumatano, kwa sababu tenga la Alhamisi huwa limeshagawanywa lingali njiani.